Wanauliza bei alafu wanapotea: jibu kwa dada wa mapazia wa Morogoro

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko Morogoro, nalifupisha. Anashona mapazia, pia anaenda nyumbani kwa mteja kupima na kufunga, kitambaa anachukua Kariakoo. Ana akaunti ya Instagram ya miezi mitano yenye mafolowa kama 900, kila siku anaulizwa bei na kila siku wanaouliza wanapotea. Anataka kujua anunue mafolowa, atengeneze website, au aweke hela kwenye matangazo ya kulipia. Alafu ana kesi: mteja wa Iringa anadai arudishiwe hela yote maana pazia limefika fupi.

Dada yangu, kwanza hongera. Kuulizwa bei kila siku sio kitu kidogo, kuna watu wanaposti mwaka mzima hawapati hata mtu wa kuuliza "hii ni nini". Wewe watu wanakuona na wanachokiona wamekipenda ndo maana wanauliza, kwaiyo ukiangalia vizuri hivo vitu vitatu unavyotaka kuvilipia vyote kazi yake ni kuleta watu wengi zaidi waje waulize, na wewe wa kuuliza unao tayari, kinachokukosesha usingizi ni pale kati ya "bei gani" na hela kuingia. Ukiweka tangazo leo utapata watu wengine wa kuuliza bei na kupotea, safari hii umewalipia.

Mafolowa wa kununua nakujibu kwa haraka: usinunue. Zile ni akaunti zisizo na mtu, hazitakuja kununua pazia Kihonda, na Instagram ikiona watu wako wengi hawagusi posti zako nayo inapunguza kuzisambaza, hata wale wa kweli 900 unawakosa. Website nayo subiri. Sio kwamba ni mbaya, ila mteja wetu bado anapenda kuongea na mtu kwanza, anataka kusikia sauti, anataka kupunguziwa kidogo, na pazia lenyewe sio kitu cha kubonyeza na kununua maana kila dirisha na kipimo chake. Jumia, wale wa duka la mtandaoni, walikuwa na website na jina kubwa la Afrika nzima na bado Tanzania walifunga Novemba 2019. Kinachokufaa kwa sasa na ni bure ni kuweka biashara yako Google, ile inayotokea kwenye ramani mtu akitafuta "mapazia Morogoro", maana anayetafuta hivo huyo kashajenga au kahamia, anataka kununua wiki hii. Weka picha, namba, saa za kazi, na kila mteja uliyemfungia pazia vizuri muombe akuandikie maoni pale pale ukiwa bado unakunja ngazi, ukisubiri kesho amesahau.

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Nimepita kwenye akaunti yako, chini ya kila picha umeandika "karibuni wapendwa, mapazia mazuri yapo, bei njoo inbox". Mtu anakuja inbox anaandika "bei", wewe unajibu masaa manne baadae "habari dear, inategemea na saizi". Ameshaondoka. Na hajaondoka kwa sababu bei ni kubwa, bei yenyewe hajaijua. Ameondoka kwa sababu umemuachia kazi: hajui saizi ya dirisha lake, hajui aanzie wapi kupima, na ile "inategemea" ameisoma kama unamuangalia kwanza sura ndo upange bei. Watu wengi wakikuta bei imefichwa wanajua wanapigwa, hata kama wewe nia yako ilikuwa tu washindani wasione. Washindani wataona tu, wanamtuma shemeji yao anakuuliza.

Andika bei kwenye picha. Sio lazima bei ya kila kitu, chukua dirisha la kawaida ufanye ndo mfano, andika kitu kama: "Fimbo ya mita 2, mapazia mawili mazito na shiya moja, 95,000. Moro mjini tunakuja kupima na kufunga. Mikoani tunatuma kwa basi, nauli ya mzigo juu yako." (Fimbo ni lile bomba la kutundikia pazia, shiya ni lile pazia jepesi linalopitisha mwanga.) Mtu mwenye madirisha matano anapiga hesabu mwenyewe akiwa kwenye daladala, na akija inbox anakuja kuulizia rangi. Wachache watapungua kwenye inbox, ni kweli, ila hao waliopungua ni wale ambao wangekupotezea muda tu.

Na akiuliza bei hata kama ipo kwenye picha, usimwambie "soma maelezo". Mjibu alafu umpe swali moja dogo analoweza kulijibu hapo hapo. Kwa mfano: "Karibu sana. Dirisha la fimbo ya mita 2 ni 95,000, la mita 3 ni 140,000, kitambaa kizito na shiya pamoja na ushonaji. Fimbo yako ina urefu gani, au haijafungwa bado?" Ona hapo hujamuuliza maswali sita ya saizi, rangi, mkoa, chumba, unahitaji lini. Moja tu. Akijibu lile, unauliza linalofuata, na kila anapojibu anazidi kuwa mteja. Majibu ya namna hii yahifadhi kwenye WhatsApp Business, ile programu ni ya bure na ina sehemu ya majibu ya haraka, unaandika mkwaju (/) na neno fupi jibu zima linatoka, hata ukiwa kwenye cherehani unajibu kwa sekunde kumi. Kasi ya kujibu ni kitu kikubwa sana kuliko watu wanavyodhani, maana mtu anayetafuta pazia saa tatu usiku ameuliza kurasa nne kwa wakati mmoja, na wa kwanza kujibu kwa ukamilifu ndo anayeendelea kuongea naye.

Kuhusu bei yenyewe, hapa nataka tukae kidogo maana nahisi hata hao wanaonunua hawakuachii kitu. Umesema kitambaa unanunua elfu 8 mita na dirisha la mita 2 bila shiya unauza 48,000. Kwa mikunjo mizuri fimbo ya mita 2 inakula mita 4 za kitambaa, hiyo 32,000, na nadhani kichwani mwako unaona 48 toa 32 umebaki na 16. Haya tuendelee. Pete na uzi tuseme 4,000. Ushonaji 6,000, na hata kama unashona mwenyewe iandike, maana siku umelemewa na oda utampa fundi na fundi hashoni bure. Nauli yako ya Dar na kubebesha mzigo ukigawa kwa kila dirisha tuseme 1,500. Bando na makato ya miamala 2,000. Imefika 45,500, kumbe faida ni 2,500. Sasa mteja kaomba apunguziwe elfu tatu ukakubali, alafu boda ya kwenda kufunga Mazimbu ukalipa mwenyewe elfu mbili. Umempa mtu pazia na elfu mbili na mia tano juu yake. Mwezi mzima unafanya kazi usiku na ukiangalia simu hamna kitu, unasema biashara ya mtandaoni haina hela.

Kwaiyo kwanza daftari, hata la shule, kila oda na matumizi yake yote. Pili, bei unayoandika iwe tayari na nafasi ya kupunguza, maana utaombwa tu, hii ni nchi ya kuombana punguzo na hakuna ubaya. Tatu, kupima na kufunga ni huduma, ipe bei yake. Ukiiandika "kufunga bure" kila mahali mtu wa Bigwa atakuita upime madirisha tisa alafu achukue vipimo vyako ampelekee fundi wake. Mwambie kupima ni 10,000, akiweka oda inakatwa kwenye hela ya pazia. Anayetaka kweli hashtuki na hiyo, na asiyetaka kweli ameshajitoa mwenyewe, umeokoa boda na nusu siku. Mtu yeyote anayeuza huduma mtandaoni, mpambaji, fundi AC, mpiga picha, hapo ndo anapoliwa, anauza matokeo na kusahau kuuza muda.

Picha zako. Zile za sebule za Ulaya zenye dirisha mpaka chini ziondoe. Watu wameziona kwenye kurasa thelathini, na wanajua hiyo sio nyumba ya Morogoro. Piga pazia ulilolifunga kweli, kwenye dirisha la nondo za kawaida, ukuta wa rangi ya krimu kama wa kwake. Piga mchana bila kuwasha taa, maana taa nyeupe za nyumbani zinaharibu rangi, kijivu kinakuwa bluu, na mteja akipokea bluu aliyoiona ikawa kijivu ugomvi ni wako. Video moja ya simu ya sekunde 20 inakutosha: fungua pazia, funga pazia, pitisha mkono wako nyuma ya kitambaa mwanga ukiwa nje ili aone kinaziba kiasi gani, alafu shika kona yake aone pindo lilivyoshonwa. Kitambaa kinauzwa kwa kushikwa, na wewe mteja wako hawezi kushika, kwaiyo mkono wako ndo unashika kwa niaba yake. Ila nyumba ya mteja omba ruhusa kabla ya kuposti, na usionyeshe sura za watoto wala sehemu ya kumfanya mtu aitambue nyumba, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 na hata bila sheria ni heshima tu.

Sasa hela. Mtu wa Mbeya hakujui, hajawahi kukuona, na kasikia habari za watu waliotuma hela wakablokiwa. Uoga wake una haki. Wewe utamsaidiaje? Chukua Lipa Namba yenye jina la biashara, lile lile lililoko kwenye ukurasa. Mtu akiingiza namba jina linatokea kabla hajaweka PIN, na akikuta ukurasa unaitwa kitu kimoja na jina linalotokea ni la mwanaume asiyemjua, wengi wanafuta hapo hapo wala hawakuambii kwanini. Wewe unakaa unasubiri unadhani mtandao unasumbua. Kingine, kubali video ya WhatsApp dakika mbili, aone cherehani, aone vitambaa, akuone na wewe. Na wa Moro mjini wakishatoa advansi waache walipe baki yote ukishafunga, hiyo itakujengea jina.

Ila advansi usiiache, pazia sio sabuni. Ukishakata kitambaa kwa kipimo cha dirisha la mtu fulani hakuna mwingine wa kumuuzia. Advansi iwe angalau inalipa kitambaa chote, na usikate mpaka iingie. Na nikisema iingie namaanisha umefungua akaunti yako ukaangalia salio, sio meseji. Wapo wanaotuma meseji inayofanana kabisa na ya kampuni ya simu, imetoka namba ya kawaida lakini nani anaangalia ukiwa na haraka, na baada ya dakika tano anakupigia "dada nimezidisha, nirudishie elfu 40". Unarudisha hela yako mwenyewe. Namba ya namna hiyo itume kwenda 15040 ifanyiwe kazi, ni bure.

Kutuma mikoani wewe una bahati ambayo mtu wa Dar anaitamani, mabasi ya Dodoma, Iringa na Mbeya yote yanapita kwako, ofisi za vifurushi zipo hapo hapo Msamvu. Funga pazia kwenye nailoni kwanza ndo uweke kwenye sandarusi, maana kule kwenye buti la basi hujui litalala na nini, likilala na ndoo ya dagaa shiya nyeupe mteja hataipokea na mimi simlaumu. Andika jina na namba ya mpokeaji pande mbili. Piga picha risiti, piga picha namba ya basi, mtumie mteja pamoja na saa lilipoondoka na namba ya ofisi ya kupokelea. Hizo picha mbili zinafanya kazi kuliko maneno "usijali dear mzigo unakuja", na ukizihifadhi ukaziweka kwenye status bila namba ya mtu, mteja mpya anaona kumbe mizigo inaenda kweli.

Nimegusa status, kuna kitu wengi hawakijui. Kwenye WhatsApp, status yako anaiona mtu aliyekusevu na wewe umemsevu. Na zile meseji za kutuma kwa wengi kwa mpigo, orodha moja inabeba watu 256, zinamfikia yule tu aliyesevu namba yako, asiyekusevu haioni kabisa. Kwaiyo una namba mia tatu za watu waliowahi kuuliza na unadhani unawatangazia, kumbe wanaokusikia labda hamsini. Kila anayenunua, hata anayeuliza tu, muombe akusevu kwa jina la biashara, mpe na sababu: "nisevu, kitambaa kipya kikiingia nakiweka status kabla ya Insta". Alafu fanya kweli hivo. Kwenye WhatsApp Business kuna lebo pia, wagawe watu: aliyeuliza, aliyepima, aliyelipa advansi, aliyefungiwa. Aliyepima akakaa kimya wiki nzima mtumie picha ya dirisha linalofanana na lake, usimtumie "vipi dear ulifikia wapi". Mteja wa pazia anachelewa kwa sababu anasubiri mshahara au fundi rangi amalize, hajakukataa.

Matangazo ya kulipia fanya mwishoni, baada ya hayo yote kukaa sawa kwa mwezi hivi. Weka hela ndogo, chagua Morogoro tu na mikoa unayotuma, na tangazo limpeleke mtu moja kwa moja WhatsApp, sio kwenye ukurasa akapende picha aondoke. Posti utakayoilipia iwe ile ambayo imeshaleta wanunuzi bila kulipiwa, sio ile unayoipenda wewe. Alafu hesabu: tuseme umeweka 20,000, wakaja watu 25, wakanunua wawili. Kila mteja amekugharimu 10,000. Kama kwenye kila oda unabaki na 25,000 endelea, kama unabaki na ile 2,500 ya juu pale simama urudi kwenye daftari. Mapendo na waliotazama usivihesabu, havinunui uzi.

Kuhusu TIN, ile namba ya mlipa kodi, ulisema unaogopa ukiichukua kodi itakumaliza. TIN ni bure, na kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25 mfanyabiashara mdogo wa makadirio, yaani anayekadiriwa kodi kwa mauzo yake, ambaye mauzo yake hayafiki milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Ukizidi hapo unaanza kulipa, na mwenye kumbukumbu za mauzo kwa hawa wadogo anatozwa tofauti na asiye nazo, sababu nyingine ya kupenda daftari. Nenda ofisi ya TRA uulize mwenyewe viwango vya mwaka huu, na leseni uliza halmashauri. Jina la biashara lisajili mapema BRELA, wale wanaosajili biashara, sio kwa sababu ya kodi, ila siku ukikua mtu asije akalisajili yeye.

Mwisho mteja wa Iringa. Umenitumia mazungumzo yenu nimeyasoma. Ulimuuliza "urefu gani" akajibu "mita 2 na kidogo", ukashona mita 2.1. Yeye alipima dirisha lenyewe, kutoka juu ya fremu mpaka chini, wewe ulidhani amepima kutoka kwenye fimbo mpaka sakafuni. Fimbo inakaa juu ya dirisha na pazia linashuka chini yake, lazima liwe fupi. Kumrudishia hela yote hapana, kitambaa kimekatwa kwa kipimo alichotoa na meseji zipo. Kumwambia ni kosa lake pia hapana, wewe ndo fundi, ulitakiwa umuonyeshe pa kushikia futi. Mpigie, usimuandikie. Mwambie alirudishe kwa basi nauli juu yako, umuongezee kipande cha chini cha rangi nyingine inayoendana, sentimita 40 hivi, kuna watu wanalipia kabisa mtindo huo, yeye achangie kitambaa tu na ushonaji usimdai. Akigoma kabisa mrudishie kiasi kinacholingana na bei ya shiya mmalizane, asije akahamia kwenye komenti zako.

Na kuanzia oda inayofuata chora kwenye karatasi dirisha, fimbo juu yake, na mishale miwili: mmoja kutoka mwanzo wa fimbo mpaka mwisho wake, mwingine kutoka kwenye fimbo mpaka pale anapotaka pazia liishie. Piga picha hiyo karatasi, kila mteja wa mbali anatumiwa, anajaza namba mbili kwa sentimita, unamrudishia kwa maandishi "nashona upana huu na urefu huu, sawa?" na hushiki mkasi mpaka ajibu sawa. Kitambaa kingi cha mapazia kina upana wa mita 2.8 na huo upana ndo unakuwa urefu wa pazia likining'inia, kwaiyo akikuandikia urefu unaozidi hapo mpigie kabla hujaenda Kariakoo.